Kuunda na kubadili kompyuta kwa mikono: umeme unaingia vipi, joto linatoka vipi

Video fupi za mitandaoni zimezua maswali mengi. Moja inaonyesha kadi ya picha (kipande cha kompyuta kinachotengeneza picha za skrini) iliyokufa ikitiwa kwenye oveni, kisha inatolewa ikiwa hai. Nyingine inaonyesha kompyuta nzima imezamishwa ndani ya tangi la kioo lililojaa mafuta, huku feni zikizunguka taratibu. Katika nyingine, kioo cha laptopu iliyovunjika kinageuzwa kuwa skrini ya mezani. Mtazamaji hubaki njia panda: haya ni ya kweli? Na mimi naweza? Nikijaribu, mashine yangu itaungua?

Mengi ya hayo ni ya kweli. Mengine ni kweli nusu, na ile ya oveni inapotosha watu kwa kiasi ambacho nitaieleza kwa kirefu huko mbele. Lakini hofu ya kwamba kompyuta ni kitu kisichopaswa kuguswa na mwenyewe haina msingi katika historia ya chombo hiki. Altair 8800, iliyotokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975, iliuzwa kama fungu la vipande ambavyo mnunuzi aliviunganisha mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala skrini. Ilikuwa na swichi na taa mbele. Mwaka uliofuata Apple I ilitoka ikiwa ubao mtupu wa saketi: kasha, kibodi na skrini alijitafutia mwenye nayo. Kompyuta ya nyumbani ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiunganisha, wakikosea na kuuliza wenzao.

Kwa hiyo swali la maana si kama inaruhusiwa kuigusa. Swali ni unagusa nini, na je, unajua umeme unaingiaje hapo na joto linatokaje. Karibu kila mradi unaofanikiwa na kila mashine inayoungua huamuliwa na mambo hayo mawili.

Kazi nne zenye jina moja

Watu husema "kujitengenezea kompyuta" wakimaanisha mambo manne yasiyolingana kwa ugumu.

Kuunganisha ni kununua vipande vipya (ubao mama unaobeba vipande vingine, prosesa inayofanya hesabu, RAM yaani kumbukumbu ya muda, pawasaplai ya kugawa umeme, kasha) na kuvipachika pamoja. Inaonekana kazi ya mhandisi, kumbe ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu viwanda vimekubaliana vipimo na plagi nyingi haziingii pasipo pake. RAM ya kizazi cha DDR4 imekatwa pengo mahali tofauti na ya kizazi cha DDR5, hivyo huwezi kuikosea usipotumia nguvu. Kuboresha ni kuipa mashine ya zamani kipande kipya, kama kuondoa diski yenye sahani zinazozunguka na kuweka SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani. Hapa kikwazo huwa ni laptopu nyembamba za siku hizi ambazo RAM yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao, kwa hiyo angalia kwanza kabla ya kununua.

Kubadili ni hatua nyingine. Unachukua kifaa na kukitumia nje ya mpango wa kiwanda: unapandisha mwendo wa prosesa, unabadili namna ya kukipoza, unakata kasha na kuliunda upya. Mwisho kuna kubuni, yaani kutengeneza kifaa ambacho hakikuwapo, ukitumia vibao vidogo kama Arduino na Raspberry Pi au vipande vilivyong'olewa kwenye mashine zilizokufa. Mtu anayeonywa kwamba "utaharibu kompyuta" mara nyingi anataka kufanya la kwanza au la pili, huku anayemwonya akifikiria la tatu.

Umeme kwanza

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu inayotumika. Fikiria tangi la maji juu ya paa: kimo chake ndicho volti, na maji yanayopita bombani ndiyo ampea. Tangi likiinuliwa mno, bomba lililotengenezwa kwa msukumo mdogo hupasuka. Lakini tangi likiwa kubwa, koki hutoa kiasi kilekile ulichoifungulia. Ukubwa wa tangi haulazimishi maji kutoka.

Mfano huo unajibu maswali mawili yanayojirudia kila siku. La kwanza ni la chaja. Laptopu yako ikidai volti 19 na ampea 3.42, chaja ya volti 19 na ampea 4.74 haitaiunguza, kwa kuwa laptopu huchukua inachohitaji tu. Ya volti 24 ndiyo ya kuogopa. Volti zilingane, ampea zisipungue, na alama ya chanya na hasi kwenye kichwa cha chaja iwe ileile. La pili ni la pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani: watu husema ya wati 750 itapandisha bili kuliko ya wati 450. Si kweli. Kompyuta inayohitaji wati 200 itavuta wati 200, pamoja na kiasi kidogo kinachopotea njiani, iwe kisanduku ni kikubwa au kidogo.

Ndani ya kompyuta ya mezani umeme husambazwa kwa volti tatu kuu. Kwa desturi waya wa njano ni volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3, na mweusi ndio wa kurudishia. Ukiwa na ramani hiyo na mita ya kupimia umeme, pawasaplai ya zamani inaweza kuendesha taa, feni na injini ndogo za miradi yako.

Kuna jambo ambalo limeua diski nyingi na halisemwi vya kutosha. Pawasaplai nyingi za sasa zina nyaya zinazochomoka pande zote mbili. Upande wa diski na ubao mama plagi hufuata kipimo cha pamoja, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Waya wa kampuni moja unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye kisanduku cha kampuni nyingine, kisha ukapeleka volti 12 mahali panapotegemea 5. Nyaya zikae na kisanduku chake.

Kuhusu kisanduku chenyewe, nashauri anayeanza asikifungue kabisa. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishageuzwa ndani yake hufika takriban volti 325, na katika aina nyingi hukaribia 400. Kapasita, yaani vipande vya kutunzia chaji, huuhifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Sehemu nyingi nyingine za kompyuta zitaharibu kifaa tu ukikosea. Hii inaweza kukuua.

Kisha joto

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto. Prosesa ya mezani inayofanya kazi nzito hutoa wati 100 au zaidi kutoka kwenye kipande cha silikoni chenye eneo la sentimita mraba chache. Joto hilo lisipoondoka, prosesa za kisasa hujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi 90 hadi 100 za sentigredi, na likizidi hujizima. Ndiyo maana laptopu iliyojaa vumbi huwa nzito ghafla katikati ya kazi. Wengi hudhani ina virusi, kumbe inajiokoa.

Juu ya prosesa huwekwa bamba la chuma lenye mapezi, na kati yake hupakwa pesti ya joto. Hapa ndipo watu hupotoka kwa kupaka nyingi, wakiamini kwamba pesti ndiyo inayopoza. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu kumi kuliko hewa. Pesti iko katikati: ni bora mara nyingi kuliko hewa, lakini ni duni mara nyingi kuliko chuma. Kazi yake ni kujaza mianya midogo ambayo macho hayaioni kati ya nyuso mbili za chuma, na mahali chuma kinapogusa chuma haihitajiki. Tone dogo katikati, bamba likandamizwe sawasawa, inatosha. Wapo wanaotumia metali ya kimiminika yenye galiamu, ambayo hupitisha joto vizuri zaidi, lakini galiamu hula alumini na hupitisha umeme. Ikimwagika kwenye ubao ni hasara.

Kuongeza feni nako hakusaidii kila mara. Hewa inatakiwa iwe na njia: iingie baridi upande mmoja, ipite juu ya sehemu za moto, itoke upande mwingine. Feni nne zote zikivuta hewa ndani bila mlango wa kutokea zitapiga kelele nyingi kwa faida ndogo.

Na yale mafuta? Ni kweli, yanafanya kazi. Mafuta safi ya madini hayapitishi umeme, kwa hiyo kompyuta hufanya kazi ikiwa imezama, na feni huzunguka polepole kwa sababu mafuta ni mazito kuliko hewa. Kisichoonyeshwa kwenye video ni kinachofuata. Mafuta hupokea joto lakini lazima nayo yapoozwe, la sivyo baada ya saa kadhaa tangi zima linakuwa moto. Hupanda kwenye nyaya taratibu na kutokea mezani. Hukausha plastiki na mpira wa nyaya kadiri muda unavyokwenda. Diski ya kawaida ya sahani ina tundu la kupumulia na haiwezi kuzamishwa. Kama ni kwa ajili ya uzuri na kujifunza, sina la kusema. Kama ni kwa ajili ya ubaridi tu, bamba zuri na feni moja vinatosha.

Kupandisha mwendo, na penseli iliyoingia historia

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo huhesabiwa kwa megahezi (milioni kwa sekunde) na gigahezi (bilioni kwa sekunde). Kuyaongeza kupita kiwango cha kiwanda huitwa kuovakloki. Uvumi uliopo ni kwamba kiwanda huficha nguvu kwa makusudi. Ukweli una mantiki yake. Prosesa nyingi hukatwa kutoka kwenye sahani moja ya silikoni, lakini hazilingani; kiwanda huzipima, huzipanga kwa madaraja, na kuandika mwendo ambao zote za daraja hilo zitauhimili kwa miaka. Iliyo bora ndani ya daraja lake hubaki na nafasi ya ziada.

Mfano mashuhuri ni Celeron 300A ya Intel ya mwaka 1998. Mwendo wake ulipatikana kwa kuzidisha megahezi 66 za ubao mama kwa 4.5, yaani 300. Kizidishi kilikuwa kimefungwa, lakini mapigo ya ubao yangeweza kupandishwa hadi 100, na prosesa nyingi za aina hiyo zilikubali kukimbia kwa megahezi 450. Ongezeko la nusu nzima, kwa kubadili mpangilio mmoja. Karibu mwaka 2000, wenye prosesa za AMD aina ya Athlon na Duron waligundua kwamba vidaraja vidogo vilivyokatwa juu ya prosesa vingeweza kuunganishwa kwa kuchora mstari wa penseli, kwa kuwa grafiti hupitisha umeme, na kizidishi kikafunguka. Naupenda sana ubunifu huu, kwa sababu hakuna bahati ndani yake. Mtu alisoma saketi, akajua grafiti ni nini, akavihusisha.

Gharama yake ni joto. Nguvu inayoliwa hupanda sambamba na mwendo, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukiongeza mwendo asilimia 10 ukalazimika kuongeza volti asilimia 10 ili mashine isigande, nguvu hupanda kwa takriban asilimia 33. Ndiyo sababu wanaotafuta rekodi hupoza kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na hata heliamu, na wameshavuka gigahezi 9 kwa muda mfupi. Kwa kompyuta ya kila siku mimi ningeshauri kinyume: punguza volti kidogo kidogo huku ukiijaribu mashine. Nyingi hubaki na mwendo uleule zikiwa na joto pungufu, na hilo hulioni likionyeshwa kwa sababu halina moshi wala mvuke.

Oveni haitengenezi kadi ya picha

Maelezo yanayosambaa ni haya: lehemu iliyo chini ya chipu imepasuka, hivyo ukiiweka kadi kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika kama nane, lehemu itayeyuka na kujiunga tena. Hesabu yenyewe inakataa. Tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya umeme mwaka 2006, lehemu inayotumika zaidi viwandani huyeyuka kwa takriban nyuzi 217. Katika nyuzi 200 haiyeyuki.

Mbona basi baadhi ya kadi hufufuka? Kwa sababu ufa mara nyingi hauko chini ya chipu bali ndani yake, kwenye vitone vidogo mno vinavyounganisha silikoni na kibao ilichokalia. Joto hutanua vitu, nyufa hugusana tena, kadi inafanya kazi. Baada ya siku au wiki, kwa kupata moto na kupoa mara nyingi, nyufa huachana. Kasoro za eneo hilo zimewahi kuwa kubwa kiasi kwamba Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa na udhaifu katika malighafi ya kuziunganishia. Kasoro ya namna hiyo dawa yake ni chipu mpya. Isitoshe, kapasita nyingi za kadi hizo zimeundwa kuvumilia nyuzi 105, na mvuke wa plastiki na kemikali unabaki ndani ya oveni ambayo kesho yake itapika chakula. Tafadhali usifanye hivyo.

Kubuni kwa vilivyokufa

Sehemu hii ndiyo inayonipa furaha zaidi, na ndiyo inayohitaji nguvu ndogo ya umeme, hivyo ni salama kuliko inavyodhaniwa.

Kioo cha laptopu hakiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye waya wa HDMI. Kinahitaji kibao cha kukitafsiria mawimbi, na kibao hicho lazima kilingane na kioo. Geuza kioo, soma namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni, kisha tafuta kibao kwa namba hiyo, wala si kwa jina la laptopu, maana laptopu za aina moja zinaweza kuwa na vioo vya watengenezaji tofauti. Kioo cha zamani ambacho mwanga wake hautoki kwenye LED bali kwenye kijimrija cha kioo hutumia umeme wa mamia ya volti, hicho kiache.

Ndani ya kiendesha CD kuna injini ndogo inayosogea hatua kwa hatua kwa usahihi mkubwa. Watu huchukua mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma, wakafunga kalamu na kupata mashine ya kuchora picha za upana wa sentimita chache. Mkono wa diski ya zamani husukumwa kwa koili na sumaku, sawa na spika, na ukiuunganisha na kipaza nguvu cha sauti hutoa muziki.

Cha kuongoza vitu hivi ni Arduino au Raspberry Pi, na hapa pana mkanganyiko mwingine. Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, huendesha programu moja tu uliyoiandikia. Aina ya Uno iliyoenea sana ina kilobaiti 2 za RAM, na zinatosha kusoma kipimajoto na kuwasha feni. Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ni kompyuta kamili yenye mfumo endeshi wa Linux. Ya kwanza inafaa kazi inayotaka wakati sahihi. Ya pili inafaa inayotaka intaneti, picha au mafaili. Pini za Uno hutoa volti 5, ilhali pini za ishara za Pi huvumilia 3.3 tu. Ukiziunganisha moja kwa moja unaweza kuiua Pi kimyakimya. Rezista mbili (vipande vya kuzuia umeme), ya omu 1,000 na ya omu 2,000, zikipangwa mfululizo hushusha 5 hadi 3.3 hivi.

Anayetaka kuona jambo hili linaweza kufika wapi amtazame James Newman wa Cambridge, aliyekamilisha mwaka 2016 prosesa iitwayo Megaprocessor, iliyoundwa kwa maelfu ya transista, yaani vijiswichi vya umeme, moja moja na taa nyingi zinazoonyesha kila ishara inapita wapi. Urefu wake ni takriban mita 10. Haina kasi ya maana, lakini unaiona kompyuta ikifikiri.

Yaliyobaki ya usalama ni machache. Betri za lithiamu zilizong'olewa kwenye laptopu kwa kawaida hujaa kwa volti 4.2 kila seli. Ukizidisha, au ukiitoboa, inaweza kushika moto usiozimika kirahisi. Usizitumie bila bodi ya ulinzi, na iliyovimba isitumike tena kwa lolote. Umeme tuli nao ni wa kweli: mwili hausikii cheche hadi ifike maelfu ya volti, ilhali chipu huweza kuumia kwa mamia tu. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Na ile stika isemayo waranti itakufa ukifungua haina nguvu sawa kila nchi. Marekani, kwa mfano, tume ya biashara ya serikali ilizionya kampuni kadhaa mwaka 2018 kwamba stika za namna hiyo zinakiuka sheria ya mwaka 1975. Soma sheria ya kwako.

Aanzie wapi asiyewahi kufungua kompyuta? Atafute ya mezani ya zamani ambayo hakuna anayeitegemea. Achomoe umeme, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, apige picha kila plagi kabla ya kuichomoa. Apulize vumbi huku ameishika feni isizunguke, afute pesti iliyokauka, apake mpya, aweke SSD. Kabla ya hayo yote aipe mashine kazi nzito kwa robo saa na kuandika nyuzi joto za prosesa, kisha arudie baada ya kumaliza, kazi ikiwa ileile na chumba kikiwa na joto lilelile. Bila namba hizo mbili hatajua kama alichobadili kimesaidia au la.